Sura ya Saba: Daktari Mmoja na Nusu

Utumbo wa mtoto mchanga ukijisokota, damu hukatika, na baada ya saa chache sehemu iliyosokoteka imekufa. Dalili yake ni ndogo: mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri anaanza kutapika nyongo ya kijani. Mkunga mzoefu akikiona kijani hicho hasubiri kupambazuke. Kutoka Sur hadi Maskati, kwa barabara ya pwani inayopita Qurayyat, ni karibu kilomita 200. Kutoka Nizwa au Ibra ni 150 na ushei. Barabara ni nzuri, ambulensi zipo, na kwa walio mbali kabisa, kama watu wa kisiwa cha Masirah, kuna ndege za polisi zinazobeba wagonjwa. Hata hivyo saa zinahesabika, na mzazi wa Sharqiyah au Dakhiliyah, mikoa ya Oman ilimo miji hiyo, ana haki ya kuuliza: kwa nini bingwa wa upasuaji wa watoto asikae hapa hapa kwetu?

Wengi hujibu haraka kwamba ni pesa. Mikoani hakulipi, wanasema, na anayejua kumpasua mtoto wa kilo mbili atakwenda anakolipwa. Jibu hilo lina ukweli kidogo tu. Nitalirudia suala la mshahara baadaye, kwani nalo lina mambo yake, lakini kinachoamua maisha ya daktari huyu ni hesabu, na hesabu yenyewe si ya riali.

Tuanze na watu. Kwa sensa ya mwaka 2020, Dakhiliyah ilikuwa na watu kama 478,000, Sharqiyah Kusini 315,000, na Sharqiyah Kaskazini 272,000. Jumla inapita milioni moja kwa kiasi kidogo. Tukisema kwa ukarimu kwamba theluthi yao ni watoto wa chini ya miaka 15, tunapata watoto 350,000. Sasa, utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliolinganisha nchi nyingi, ulionyesha kwamba nchi inahitaji angalau mabingwa 4 wa upasuaji wa watoto kwa kila watoto milioni moja ili walio wengi wanaozaliwa na kasoro kubwa wapone. Piga hesabu. Mikoa yote mitatu, kuanzia vijiji vya Jebel Akhdar hadi Ras al Hadd, inahitaji daktari mmoja na nusu.

Huyo mmoja na nusu ndiye kiini cha sura hii. Ni mchache mno kugawanywa kwa miji mitatu, na hapo hapo mji mmoja hauwezi kumtosheleza kwa kazi. Chukua eneo lenye vizazi 20,000 kwa mwaka. Mtoto anayezaliwa umio wake ukiwa umekatika hutokea mara moja katika vizazi 3,000 au 4,000. Daktari wetu atawaona watano au sita kwa mwaka. Mtoto ambaye sehemu ya mwisho ya utumbo wake haina neva, hivyo choo hakipiti, ni mmoja katika 5,000: wanne. Aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa, vilevile wanne. Mwenye mirija ya nyongo iliyoziba kwenye ini, mmoja au wawili, na mwaka mwingine hakuna kabisa. Mpasuaji aliyekaa ughaibuni miaka akijifunza kuunganisha umio mwembamba kuliko kidole chake kidogo, akirudi akaunganisha watano kwa mwaka, mikono itapoa. Na mikono iliyopoa ni hatari kwa mtoto. Ndiyo maana kazi nzito ya watoto wachanga hukusanywa Maskati, katika Royal Hospital iliyofunguliwa mwaka 1987 na katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos iliyofuata mwaka 1990. Anayedhani huo ni upendeleo wa mji mkuu ajaribu kuzigawa kesi hizo kwa namna nyingine, aone kama atapata wodi mbili zenye madaktari waliozoea kazi.

Inafaa kukumbuka jinsi hali ilivyobadilika upesi. Kabla ya mwaka 1970, matibabu ya kisasa katika nchi hii yalikuwa karibu yote mikononi mwa hospitali ya wamisionari wa Kimarekani kule Mutrah, na watoto zaidi ya 100 katika kila 1,000 waliozaliwa hai hawakufikia mwaka mmoja. Leo ni karibu 10. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2000, liliiweka Oman nafasi ya 8 duniani kwa mfumo wa afya. Zilipoondoka surua, kuhara na pepopunda, waliobaki juu ya orodha ni watoto njiti na watoto waliozaliwa na kasoro. Chanjo haiwasaidii hawa. Ongeza kwamba zaidi ya nusu ya ndoa za Waomani, kwa uchunguzi uliofanywa kabla tu ya mwaka 2000, zilikuwa za ndugu wa damu au watu wa ukoo mmoja, basi utaelewa kwa nini fani hii haitakosa kazi hivi karibuni hata watu wakizaa wachache.

Lakini kasoro hizo kubwa, ambazo magazeti huzipenda, si mkate wa kila siku. Mkate wa kila siku ni ngiri, korodani zisizoshuka, kidole tumbo, na tohara.

Nikae kidogo hapo kwenye tohara, maana ni jambo letu sote, kutoka Lamu hadi Sur. Mvulana mmoja katika kila 300 hivi huzaliwa tundu la mkojo likiwa chini ya uume badala ya nchani. Mtoto huyo asitahiriwe. Ngozi ile ya govi ndiyo akiba ambayo mpasuaji ataitumia kumtengenezea njia mpya ya mkojo, na aliyeikata kwa haraka, awe ngariba au daktari wa zahanati, ameitupa akiba hiyo siku ya saba. Bingwa wa watoto atakwambia kwamba nusu ya faida yake mkoani haiko kwenye kisu. Iko kwenye kuwafundisha wengine lini wasikate. Vivyo hivyo ngiri. Ngiri ya mtu mzima inaweza kungoja miezi. Ya mtoto mchanga inaweza kunasa utumbo kesho, na kama mtoto alizaliwa njiti, baada ya usingizi wa upasuaji anaweza kusahau kupumua, kwa hiyo lazima alale hospitali akiangaliwa usiku kucha. Upasuaji wenyewe ni wa nusu saa. Ugumu uko kwa daktari wa usingizi, muuguzi, na kitanda chenye mashine ya kuhesabu pumzi.

Kuna na jambo jingine linaloipa mikoa hii sura yake. Karibu watu 6 katika kila 100 nchini Oman wana chembe ya urithi ya siko seli, na Dakhiliyah na Sharqiyah ni miongoni mwa mikoa yenye wagonjwa wengi. Sehemu ya chembe hiyo ilifika kwa bahari kutoka Afrika Mashariki, njia ile ile iliyoleta Kiswahili Ibra na Mudhaybi. Mtoto mwenye siko seli bandama lake linaweza kuvimba ghafla likameza sehemu kubwa ya damu yake. Akikua anaweza kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo. Yote mawili yanaweza kuishia kwa mpasuaji, na mpasuaji huyo anapaswa kujua kwamba mtoto huyu akipata baridi, kiu au upungufu wa hewa mezani, chembe zake za damu zitajikunja na maumivu yatamfuata wodini.

Ukitembea wodi za Ibra utaelewa kwa nini lugha nayo ni kifaa cha kazi. Muuguzi katoka Kerala, daktari Misri au Sudan, mama wa mtoto ni Mwarabu wa hapo hapo, na bibi aliyekuja naye alizaliwa Unguja au Tabora. Daktari akishatoka, bibi humgeukia mkwewe na kuuliza kwa Kiswahili, "Amesemaje huyu?" Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 wengi walihama, na baada ya 1970 nchi ilipowaita wasomi wake warudi, Waomani hao wa Zanzibar walijaza ofisi na hospitali kwa sababu walikuwa wamesoma na Kiingereza walikijua. Watoto wao na wajukuu wao wamo katika kila idara ya tiba leo.

Sasa njia ya kufika. Kijana wa Nizwa aliyemaliza sekondari akiwa na miaka 18 na kukubaliwa kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1986, atatoka hapo akikaribia 25. Kuna mwaka wa mazoezi. Kisha aingie Bodi ya Utaalamu wa Udaktari ya Oman, inayojulikana kwa herufi OMSB, iliyoundwa kwa amri ya Sultani mwaka 2006. Upasuaji wa jumla ni miaka mitano. Huko analipwa mshahara huku anasoma, na hilo si dogo: kwetu Afrika Mashariki madaktari wengi hulazimika kutafuta mfadhili au kulipa ada ili wapate ubingwa, ingawa Chuo cha Wapasuaji cha Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, kimeonyesha kwamba mtu anaweza kufundishwa humo humo hospitalini anakofanya kazi, bila kuhamia chuoni. COSECSA ina ubingwa wa upasuaji wa watoto: miaka miwili ya msingi, mitatu ya fani.

Baada ya OMSB, mpasuaji wa watoto kwa kawaida hutafuta ubobezi nje. Kanada ni njia maarufu, na huko ni miaka miwili juu ya upasuaji wa jumla. Uingereza mambo ni tofauti: upasuaji wa watoto ni fani inayojitegemea, mtu halazimiki kumaliza kwanza ubingwa wa upasuaji wa jumla. Wapo pia wanaoshika Bodi ya Kiarabu ya ubingwa wa tiba, iliyoanzishwa mwaka 1978. Nafasi za Kanada kwa watu wa Ghuba hulipiwa na serikali zao, na mwisho wa mafunzo mtu hurudi kwao. Mwaka 2018 Saudia ilipogombana na Kanada na kuamuru madaktari wake warudi, hospitali za Toronto na Montreal zilitikisika, na nchi jirani zikaona jinsi mpango wa miaka kumi unavyoweza kuvunjwa na ugomvi wa wiki moja.

Kwa hiyo kijana wetu anarudi akiwa na miaka 34 au 35. Na hapa niseme jambo ambalo washauri wa wanafunzi hulificha: hata huko alikosoma kazi si nyingi. Kanada ina hospitali chache za watoto. Zikijaa, anayetaka nafasi husubiri mtu astaafu. Hii ni fani ya viti vichache kila mahali duniani. Aliyekaa kitini hukaa miaka thelathini.

Mshahara je? Katika hospitali za serikali Oman ngazi zinajulikana: daktari, mtaalamu, mtaalamu mwandamizi, mshauri, mshauri mwandamizi. Mpasuaji wa watoto hupanda ngazi hizo hizo pamoja na wa macho na wa ngozi, na kwa ngazi moja mshahara wa msingi hautofautiani kwa sababu huyu anapasua watoto na yule anatibu chunusi. Tofauti iko kwenye posho za zamu na kwenye mlango wa pili, yaani kazi za jioni katika hospitali binafsi. Hapo ndipo mpasuaji wa watoto anapopitwa mbali. Daktari wa ngozi anaweza kujaza kliniki kila jioni. Wa watoto anapata tohara na ngiri, kwa kuwa hospitali binafsi ndogo haina chumba cha njiti cha kupokelea kesi kubwa.

Nje ya nchi, kipimo kinachofaa ni Uingereza, ambako viwango huchapishwa. Kuanzia Aprili 2024, daktari mshauri nchini England alilipwa kati ya pauni 105,504 na 139,882 kwa mwaka, na kodi ikakata karibu theluthi au zaidi. Oman haijawahi kutoza kodi ya mapato ya mtu binafsi. Sheria iliyotolewa mwaka 2025 itaanza kufanya kazi Januari 2028, ikitoza asilimia 5 ya kile kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka. Riali imefungwa kwa kiwango cha dola 2.60 tangu mwaka 1986, kwa hiyo mstari huo uko kwenye dola 109,000 hivi. Serikali yenyewe ilisema wanaotarajiwa kuuvuka ni kama mtu mmoja katika mia. Ukiambiwa na wakala kwamba utakwenda Oman ukatajirike, mpe tarakimu hiyo ya 42,000, kisha umuulize mkataba wako uko upande gani wa mstari.

Kwa mgeni, fungu kubwa liko nje ya mshahara: nyumba au posho yake, tiketi za likizo, shule za watoto kama ulijadiliana vizuri, na kiinua mgongo. Katika sekta binafsi, Sheria ya Kazi ya mwaka 2023 imeweka mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa utumishi. Neno la kuangalia hapo ni "wa msingi". Waajiri wajanja huupunguza msingi na kuzinenepesha posho, na daktari hugundua siku ya kuondoka. Tena, mgeni ajue kwamba sera ya kuwapa Waomani kazi ni ya kweli. Mkataba wake ni daraja mpaka kijana wa OMSB arudi kutoka Kanada. Sioni ubaya wowote katika sera hiyo. Ubaya ni kujenga maisha juu ya mkataba wa miaka miwili kana kwamba ni wa milele.

Turudi sasa kwa yule mmoja na nusu, maana ndiye anayeeleza kwa nini nyongeza ya mshahara peke yake haimleti mtu Nizwa. Ili hospitali iwe na bingwa usiku na mchana bila kumuua kwa uchovu, inahitaji wanne: kila mmoja zamu moja katika usiku nne. Kazi iliyopo ni ya mmoja na nusu. Ukiajiri wanne, mikono inapoa. Ukimwajiri mmoja, yuko zamu usiku 365, na akienda Hija au kuzika Sumail, mkoa hauna mtu. Mkono mmoja haulei mwana. Daktari aliyekaa miaka kadhaa peke yake namna hiyo haondoki kwa ajili ya riali; anaondoka kwa kuwa hakuna wa kumuuliza, "Hii ungeifanyaje?", hakuna wa kumshika mkono saa tisa usiku mambo yakiharibika, na mwenzake wa chuo aliyebaki Maskati amekwishaandika makala na kuitwa mshauri mwandamizi.

Waingereza walilipitia jambo hili wakakosea, nasi tunaweza kujifunza bure. Ripoti ya kitaifa ya mwaka 1989 kuhusu vifo vinavyofuata upasuaji ilionya kwamba madaktari wa upasuaji na wa usingizi wasiwatibu watoto kwa nadra, mara moja moja. Ushauri ulikuwa sahihi. Lakini hospitali za wilaya ziliusikia kama amri ya kuacha kabisa, na wapasuaji wapya hawakufundishwa watoto. Baada ya miaka, hospitali kubwa zilifurika ngiri na vidole tumbo, na mtoto mwenye korodani iliyojisokota, ambayo ina saa sita tu, akawa anasafirishwa kupita hospitali tatu zenye wapasuaji. Ilibidi wakuu wa fani waanze kuwarudisha wapasuaji wa wilaya kwenye kazi waliyokuwa wakiiweza zamani.

Hatari hiyo ipo Sur na Ibra. Korodani na kidole tumbo havingoji Maskati. Lazima mpasuaji wa jumla wa mkoa avifanye, tena avifanye mara kwa mara. Yeye ndiye mpasuaji wa watoto wa kweli wa Sharqiyah, ingawa cheti chake hakisemi hivyo, na posho haimtambui. Kama ningeulizwa riali za ziada ziwekwe wapi, ningeziweka kwake na kwa daktari wa usingizi anayekubali kumlaza mtoto wa miezi mitatu, kabla ya kumwongezea bingwa wa mji mkuu. Bingwa naye asiajiriwe na hospitali moja. Aajiriwe na mkoa na Maskati kwa pamoja: wiki kadhaa Nizwa akiona kliniki na kupasua ngiri, wiki nyingine Royal Hospital akishika zamu ya watoto wachanga na wenzake, mikono isipoe na jina lisisahauliwe. Waziri wa Afya aliyeteuliwa mwaka 2022, Dk. Hilal Al Sabti, ni mpasuaji wa moyo aliyewahi kuiongoza OMSB. Hahitaji kuelezwa maana ya kupoa kwa mikono.

Fani hii ina nyota zake pia. Dk. Abdullah Al Rabeeah wa Saudia, mpasuaji wa watoto aliyesomea Kanada, alikuwa waziri wa afya wa nchi yake, na timu yake ya Riyadh imetenganisha mapacha walioungana kutoka nchi nyingi, wakiwemo wa Tanzania mwaka 2018 na tena 2023. Vijana wengi huvutwa na picha hizo. Zinavutia kweli, ila operesheni moja ya namna hiyo hutumia madaktari makumi, na hakuna hospitali ya Sharqiyah itakayoifanya.

Basi wewe kijana unayesoma ukiwa Muhimbili, Mnazi Mmoja, Mombasa au hapo hapo Nizwa, ukiletewa mkataba wa upasuaji wa watoto katika mikoa hii, usianze na mshahara. Uliza zamu zinagawanywa kwa wangapi. Uliza nani atamlaza mtoto mchanga, na kama yupo hata Ijumaa. Uliza ni siku ngapi kwa mwezi utapasua Maskati pamoja na wenzako, na majibu hayo yaandikwe ndani ya mkataba. Yakishaandikwa, ndipo ujadili riali, na ushikilie mshahara wa msingi.